Sijagusa msimbo, mbona kifurushi hakijengeki?

Msomaji mmoja wa Newala ameandika hivi:

"Shikamoo kaka. Natunza kifurushi kidogo cha .deb ambacho vyama viwili vya msingi na ghala moja huku kwetu wanakitumia msimu wa korosho. Ndani yake kuna programu ya C inayosoma uzito kutoka kwenye mizani ya kielektroniki kupitia waya wa siriali, halafu skripti ya Python inachapa risiti ya mkulima. Miaka mitatu nimekuwa napandisha msimbo kwenye huduma ya bure mtandaoni, yenyewe inajenga, mimi napakua. Juzi nimesahihisha neno moja tu kwenye risiti, ujenzi ukagoma: mashine za Ubuntu 20.04 zimeondolewa. Nikaweka 24.04, ikajenga bila shida. Lakini kompyuta za vyama, ambazo ni Ubuntu 20.04, zinasema GLIBC_2.34 haipatikani. Ya ghalani ni Debian 11, hiyo haitaki hata kukifungua kifurushi, inataja control.tar.zst. Msimbo wa mizani sijaugusa kabisa. Nibaki na mazingira ya zamani au nihame? Na nitabakije wakati wameyaondoa? Oktoba inakaribia."

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na la kwanza ninalokuomba ni hili: msimbo wa C usiuguse leo. Najua mkono unawasha. Kompyuta zimekukatalia kwa lugha mbili tofauti, na wiki chache zijazo magunia yataanza kupangwa ghalani. Kwa hali hiyo mtu anatamani kufungua faili na kubadilisha hiki na kile mpaka kitu kikubali. Programu yako ni nzima. Kilichobadilika ni jiko, yaani mazingira ya kujengea. Unga ni ule ule na mpishi ni yule yule, ila umehamishwa kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye gesi, nawe ukaendelea kukadiria moto kwa mazoea ya mkaa.

(Kwa wasomaji wengine: kifurushi ninachokisema hapa si bando la intaneti. Ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake, tayari kusakinishwa kwenye kompyuta. Kujenga ni kuugeuza msimbo, yaani maandishi ya programu, uwe kifurushi hicho.)

Tuyachukue makosa hayo mawili moja moja, maana ukiyaelewa nusu ya hofu itaondoka.

Karibu kila programu ya C kwenye mifumo endeshi ya Ubuntu na Debian huegemea maktaba ya msingi iitwayo glibc. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31. Ubuntu 24.04 ina 2.39. Unapojenga, ndani ya programu huandikwa majina ya kazi (function) inazozitaka kutoka glibc, na kila jina hubeba namba ya toleo. Toleo la 2.34, lililotoka Agosti 2021, liligusa mpaka mlango wa kuingilia: kazi iitwayo __libc_start_main, ile inayoamsha main yako, ilipewa namba mpya. Kwa hiyo hata programu ya mistari mitano inayochapa "Habari za asubuhi", ukiijengea kwenye 24.04, itadai 2.34 na kugoma kwenye 20.04. Huna ulichokosea. Glibc imetoa ahadi ya upande mmoja tu: kilichojengwa na toleo la zamani kitaendelea kufanya kazi kwenye toleo jipya. Kutoka jipya kurudi la zamani haijaahidi chochote.

Lile la ghalani ni jingine kabisa. Faili la .deb ni mkoba wenye vitu vitatu: alama ya toleo la mkoba, maelezo ya kifurushi, na mafaili yenyewe. Hivi viwili vya mwisho hubanwa ili visichukue nafasi. Kuanzia Ubuntu 21.10, Ubuntu hubana kwa mbinu ya zstd. Debian ilikuwa bado na xz, na dpkg (programu inayofungua na kusakinisha vifurushi) ya Debian 11 haijui kuifungua zstd. Debian ilijifunza kuifungua ilipofika toleo la 12. Dpkg ya Ubuntu 20.04 yenyewe ilikuwa imeshapewa uwezo huo, ndiyo sababu kompyuta za vyama zilikifungua kifurushi vizuri zikakwama mbele. Kuna njia ya mkato, dpkg-deb -Zxz, inayolazimisha kubana kwa xz. Ukiitumia peke yake, mashine ya ghalani itafungua mkoba halafu itagonga ukuta ule ule wa vyama, kwa sababu Debian 11 nayo ina glibc 2.31.

Namba hiyo ya 2.31 ndiyo nafuu yako. Mashine zako zote, za vyama na ya ghala, zina glibc moja. Ukijengea ndani ya kontena la Debian 11, yaani mfumo wa Debian 11 uliofungiwa peke yake ndani ya kompyuta yenye mfumo wowote mwingine, utapata programu isiyodai zaidi ya 2.31, na mkoba uliobanwa kwa xz ambao pande zote mbili zinaufungua. Jiko moja linatosha kwa wateja wote watatu. Kontena hilo linawashwa kwenye kompyuta yako hapo Newala, linawashwa pia kwenye huduma ile ile ya mtandaoni hata kama mashine yao ya nje ni 24.04. Walichoondoa ni sakafu ya nje. Ndani ya kontena unajitandikia mkeka wako.

Ukishajenga, usiniamini mimi wala mtu mwingine. Endesha objdump -T kwenye programu, chuja mistari yenye neno GLIBC, tazama namba kubwa kuliko zote. Ikiwa 2.31 au chini yake, uko salama. Ikitokea 2.34, basi kuna hatua bado inafanyika nje ya kontena.

Kuna jambo hukuliuliza lakini barua yako imelitaja bila kukusudia. Kompyuta za Ubuntu 20.04 zilikubali kusakinisha kifurushi kinachotaka glibc ambayo hazina. Hiyo inaniambia kwamba orodha ya vitegemezi (vitu ambavyo kifurushi huhitaji viwepo kwanza) kwenye faili la control uliiandika kwa mkono. Iache dpkg-shlibdeps ifanye kazi hiyo: inaichungulia programu na kuandika yenyewe kwamba kifurushi kinahitaji libc6, yaani kifurushi cha glibc, toleo fulani kwenda juu. Na waambie makarani wasakinishe kwa apt install ./jina-la-faili.deb, waachane na dpkg -i. Tofauti yake ni kubwa. Apt hukataa kabla ya kugusa kitu. Dpkg -i hufungua mafaili kwanza, ikafuta programu ya zamani iliyokuwa inafanya kazi, ndipo inakuja kulalamika kwamba kitegemezi hakipo. Karani wa Newala asubuhi ya kupokea mzigo hapaswi kukutana na hilo.

Jingine la haraka: kigawe kifurushi. Ulichotaka ni kubadilisha neno moja kwenye risiti, na risiti ni Python, haihitaji kompaila (programu inayogeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine). Weka skripti ya risiti kwenye kifurushi chake chenye alama ya all (kompyuta ya aina yoyote), na msomaji wa mizani kwenye kingine chenye alama ya amd64 (prosesa za biti 64). Kosa la tahajia likitokea tena, utatoa kile chepesi na kile cha mizani kitakaa pale pale kilipo. Angalia tu Python yenyewe: 20.04 ina 3.8 na Debian 11 ina 3.9, kwa hiyo usiandike match na case, hivyo vilikuja na 3.10.

Sasa nirudi kwenye swali lako hasa, nibaki au nihame. Naona umelishika kwa mshiko ambao wengi tumeanza nao, kwamba mazingira ya kujengea ni mali ya ile huduma na wewe ni mpangaji. Mimi naamini, na naliamini kwa nguvu kwa sababu nimeumia kabla ya kulijua, kwamba mazingira ya kujengea ni sehemu ya kifurushi chako sawasawa na msimbo. Aina ya mfumo endeshi, toleo la kompaila, maktaba, lugha na usimbaji wa herufi, hata mpangilio wa hatua: vyote hivyo vinaamua mkulima atapewa karatasi gani. Kama havimo kwenye hifadhi yako ya msimbo, basi nusu ya kifurushi chako inakaa kwa mtu mwingine.

Nilikaa miaka nikitunza kifurushi cha kuchapa stakabadhi kwa mteja mmoja hapa Mtwara. Hatua zote za ujenzi zilikuwa kwenye kurasa za mipangilio ya huduma niliyokuwa naitumia, nilizijaza kwa kubofya. Huduma ikabadilisha masharti, nikapewa siku chache. Nikahamisha kila kitu usiku mmoja, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mafaili, nikarekebisha na kasoro mbili tatu za msimbo humo humo. Ujenzi ukapita. Vipimo vikapita. Siku ya pili mteja akanipigia: stakabadhi za watu wa Ng'apa zinatoka zimeandikwa Ng?apa. Kila kijiji chenye ng' kimeharibika, na wewe unaijua mikoa yetu hii, majina ya namna hiyo yamejaa.

Nilitafuta kosa kwenye marekebisho yangu siku nzima. Halikuwamo. Orodha ya vijiji ilikuwa inatengenezwa wakati wa ujenzi kwa skripti ya Python 3.5, na aliyeiandaa alitumia ile alama ya mkato iliyopinda, ambayo haimo kwenye herufi za ASCII, zile za msingi za Kiingereza. Mashine ya zamani ilikuwa imewekewa UTF-8, usimbaji unaoijua alama hiyo. Kontena jipya halikuwekewa chochote, Python ya wakati ule ikachukulia ASCII, na skripti ilikuwa imeagizwa kwamba herufi isiyoijua iweke alama ya kuuliza. Dawa yake ni mstari mmoja, LC_ALL=C.UTF-8. Ugonjwa ulinichukua siku nzima kwa sababu nilikuwa nimebadilisha jiko na mapishi kwa pamoja, nikashindwa kujua uchungu umetoka wapi. Mzee mmoja wa Ng'apa aliirudisha stakabadhi yake akisema hilo si jina la kwao. Alikuwa na haki.

Kwa hiyo hamisha jiko peke yake. Chukua msimbo wa toleo la mwisho lililofanya kazi, ule ule, hata lile neno la risiti usilisahihishe bado. Ujengee kwenye kontena la Debian 11. Linganisha matokeo na kifurushi cha zamani. Yakilingana, ndipo weka neno lako jipya na utoe toleo.

Hatua za ujenzi ziandike kwenye skripti moja, iite jenga.sh, ikae kwenye hifadhi pamoja na msimbo. Ndani yake: chukua kontena, weka LC_ALL, sakinisha vifaa, endesha dpkg-buildpackage, kagua glibc, piga hesabu ya hashi (namba ndefu inayotambulisha faili; faili likibadilika, nayo hubadilika). Faili la mipangilio ya huduma ya mtandaoni libaki na kazi moja tu, kuita jenga.sh. Ukifanya hivyo, siku huduma ikiondoka unaita skripti hiyo hiyo kutoka kwenye nyingine, au kutoka kwenye kompyuta yako mezani. Na huduma zinaondoka kweli. Tovuti ya travis-ci.org, iliyokuwa inajenga miradi huria ya watu wengi mno, ilifungwa Juni 2021. Mwaka huo huo kampuni ya JFrog ilitangaza kufunga JCenter, ghala la maktaba za programu, na mafaili mengi ya Gradle (chombo cha kujengea) ya watu wa Android yalikuwa yamelitaja ghala hilo kwa jina. Mashine za Ubuntu 20.04 za GitHub ziliondolewa Aprili 2025. Wote hao walitoa taarifa mapema, sina la kuwalaumu. Huduma ni yao, nao wana gharama zao.

Unapolitaja kontena kwenye skripti, usiandike debian:bullseye (bullseye ni jina la Debian 11) ukaridhika. Hilo ni jina tu, na jina hilo husogezwa kila wanapotoa taswira (nakala kamili ya kuwashia kontena) mpya. Andika hashi yake ya sha256, ile namba ndefu inayotaja taswira moja na si nyingine. Halafu, na hapa nakusihi, ihifadhi taswira yenyewe. Jenga kontena lenye vifaa vyote vya ujenzi ndani, litoe kwa docker save, liweke kwenye flashi mbili. Moja ikae kwako, nyingine ikae kwa mtu mwingine, mbali na paa lako.

Kwa nini nakazania hivyo? Kwa sababu seva za Debian hazikai na matoleo ya zamani milele mahali pale pale. Msaada wa muda mrefu wa Debian 11 unaisha Agosti 2026. Baada ya hapo itafika siku vifurushi vyake vitahamishiwa archive.debian.org, kama vilivyohamishwa vya Debian 9 mwaka 2023, na skripti iliyokuwa inaita apt-get update itaanza kurudishiwa 404, yaani haipatikani. CentOS 7, mfumo endeshi mwingine, ilipofika mwisho wake tarehe 30 Juni 2024, seva iliyokuwa ikigawa orodha ya vyanzo vyake ilizimwa, na ujenzi wa watu wengi ukafa asubuhi moja. Upo pia mradi mzuri sana wa snapshot.debian.org unaotunza vifurushi vya Debian vya kila siku tangu 2005. Unaweza kuuelekeza ujenzi wako kwenye tarehe unayoitaka na ukapata matoleo yale yale ya siku ile. Uutumie. Lakini hizo zote ziko upande wa pili wa intaneti.

Na sisi wa Kusini tunajua maana ya upande wa pili. Mei 2024 tulipata somo mara mbili ndani ya siku chache. Mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa, magari yakalala njiani. Tarehe 12 mwezi huo nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Mtu aliyekuwa na taswira ya kontena kwenye flashi aliweza kujenga. Aliyekuwa anapakua kompaila upya kwa kila ujenzi alikaa akisubiri. Mwaka huo ilikuwa Mei. Ingekuwa Novemba, katikati ya minada, ungesikia simu za makarani mpaka usiku.

Hapo tumemaliza kubaki. Lakini kubaki peke yake ni kujifungia chumbani, kwa hiyo nataka uwe na jiko la pili.

Jiko la kwanza, Debian 11, ndilo linalotoa kifurushi kinachokwenda kwa wateja. La pili liwe Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, na kazi yake ni kukupa habari tu. Mara moja kwa wiki jenga msimbo wako humo, tazama kinachovunjika, kisha tupa matokeo. Hakuna mteja anayepewa kitu kutoka jiko hilo mpaka kompyuta zake zitakapofika huko. Faida yake ni kwamba habari mbaya zinakufikia Machi, wakati una nafasi ya kufikiri, badala ya Oktoba.

Naweza kukutajia moja ya habari hizo sasa hivi. Debian 13 inatumia kompaila ya GCC 14, na GCC 14, iliyotoka Mei 2024, imegeuza kuwa kosa jambo ambalo kompaila za zamani zilikuwa zinalionya tu: kuita kazi ambayo haijatangazwa. Lugha ya C ilikwishaliondoa hilo tangu kiwango cha mwaka 1999, lakini kompaila ziliendelea kuvumilia kwa miaka 25. Vifurushi vingi vimevunjika kwa sababu hiyo na utasikia watu wakinung'unika. Kwa programu ya mizani mimi naona ni rehema, na nitakueleza kwa nini.

Tuseme uzito unafika kama maandishi, "78.40", na wewe unaugeuza namba kwa atof. Tuseme ulisahau mstari wa #include <stdlib.h>. Kompaila ya zamani haioni tangazo la atof, inadhani inarudisha namba nzima, inatoa onyo moja linalopita kwenye logi, inajenga. Kwenye mashine zetu za biti 64, atof halisi huliweka jibu kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za namba za desimali, na programu yako italitafuta kwenye rejista ya namba nzima. Itakuta takataka. Takataka hiyo inaweza kuwa sifuri, inaweza kuwa namba ya ajabu, na inaweza kubadilika ukibadilisha toleo la kompaila hata kama msimbo haujaguswa. Risiti itachapwa bila kulalamika. Mkulima atasaini.

Usingoje Debian 13 ikuambie. Leo leo, ndani ya jiko lako la Debian 11, ongeza -Werror=implicit-function-declaration kwenye vigezo vya kompaila. Ikipita, vizuri. Ikigoma, umepata kosa lililokuwa limelala humo miaka mitatu, na hilo ndilo pekee ninalokuruhusu kuligusa kabla ya msimu, kwa toleo la peke yake lenye namba yake.

Kupima sasa. Kontena halina mizani. Wengi huishia hapo na kusema watapima ghalani, halafu ghalani hakuna muda. Fanya hivi: nenda na kompyuta yako kwenye mizani ya chama, weka kasi ya siriali inayotakiwa, kisha nakili kila baiti inayotoka kwenye waya uiweke kwenye faili. Rekodi gunia likipanda na namba ikiyumba kabla ya kutulia. Rekodi mizani tupu, mizani iliyozidiwa, na mizani iliyozimwa katikati ya sentensi, kwa sababu umeme wetu utakufanyia hivyo bila kukuaga. Mafaili hayo ni dhahabu. Kwa socat unaweza kutengeneza jozi ya siriali bandia, ukacheza rekodi upande mmoja na programu yako ikasoma upande wa pili, ndani ya kontena kabisa. Pitisha rekodi zile zile kwenye programu ya zamani na kwenye mpya, linganisha kwa diff. Nataka zisitofautiane hata nukta. Stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa kwenye mizani inathibitisha mizani. Namba inayotoka kwenye mizani hadi kwenye karatasi iko mikononi mwako.

Kuhusu hashi, fanya na jaribio hili ukipata nafasi: jenga mara mbili, siku mbili tofauti, kompyuta mbili tofauti, kwa jenga.sh ile ile, kisha piga sha256sum. Zikifanana, umepata kitu ambacho miradi mikubwa inakihangaikia tangu mwaka 2013 Debian walipoanza juhudi za ujenzi unaorudiwa. Zisipofanana, mara nyingi mhalifu ni saa ya ujenzi iliyoandikwa ndani ya faili. Kigezo cha SOURCE_DATE_EPOCH kipo kwa ajili hiyo, na dpkg-buildpackage hukijaza yenyewe kutoka kwenye changelog. Programu ya diffoscope itakuonyesha tofauti iko wapi.

Na kuna funguo. Unapohama huduma, watu hukumbuka kuhamisha msimbo na husahau kwamba kwa mwenyeji wa zamani wameacha ufunguo wa kutia saini na nywila za kupakia. Zifute kule, tengeneza mpya. Ufunguo wa saini mimi siuweki kwenye huduma yoyote; huduma inajenga, mimi napakua, nalinganisha hashi na nilichojenga nyumbani, ndipo natia saini mwenyewe. Hili la kulinganisha si woga. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi aliyekuwa anachunguza kwa nini kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, aligundua mlango wa siri ndani ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Ni xz hii hii inayobana vifurushi vyetu. Faili lililokuwa linauwasha mlango huo wakati wa ujenzi lilikuwamo kwenye furushi la msimbo lililotolewa kwa umma, na halikuwamo kwenye hifadhi ya git ambayo watu wangeisoma. Aliyefanya vile alijua kwamba mahali pa kujificha ni pale ambapo watu hawatazami, kwenye hatua za kujenga.

Utaratibu wako mpaka msimu uanze, basi, ningeupanga hivi. Wiki hii kontena la Debian 11, jenga.sh, na kulinganisha na kifurushi cha zamani. Wiki ijayo rekodi za mizani, kile kigezo cha -Werror cha kompaila, na kukigawa kifurushi. Baada ya hapo sakinisha kwenye chama kimoja tu, kile kilicho karibu nawe, ukiwa umekaa hapo hapo, na faili la .deb la zamani likiwa limewekwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo ili karani aweze kurudi nyuma hata intaneti ikiwa haipo. Kikikaa siku tatu bila neno, peleka kwa wengine. Kuanzia mnada wa kwanza mpaka wa mwisho usitoe toleo la mizani, labda namba ziwe zinatoka vibaya. Risiti, kwa kuwa sasa ina kifurushi chake, unaweza kuigusa.

Kuhama kwenyewe kupange baada ya korosho, kabla ufuta haujaingia. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 ulikwisha Mei 2025, na wa Debian 11 nimekutajia. Zungumza na viongozi wa vyama mapema, kwenye kikao, waweke siku ya kuzipandisha kompyuta zote kwenda Debian 13 kwa pamoja, kwa sababu kompyuta zikiwa za aina moja utabakiwa na jiko moja la kutunza. Siku hiyo ikifika, jiko lako la pili litakuwa limeshapika humo kwa miezi sita, na utakachofanya ni kubadilisha hashi ya taswira kwenye mstari mmoja wa jenga.sh.

Kwa sasa nitumie matokeo ya objdump -T ya kifurushi utakachojenga, pamoja na faili lako la control. Nataka kuyaona kabla hujaenda na flashi kwenye chama.